Ubeti wa Mbuzi Wawili

Walisema sitaweza. Mjomba wangu wa Mkula, mama mmoja wa kanisani kwetu, na wanaume wote waliokuwa wakishinda kwenye benchi la fundi baiskeli pale Lingeka, kila mmoja alilisema kwa namna yake. Mjomba alisema mtoto wa pamba huingia redioni kwa njia moja tu, nayo ni kubadilisha betri. Mama wa kanisani alimshauri mama yangu anipeleke nikaombewe, maana kijana aliyesoma hadi diploma halafu akarudi Simiyu kufunga waya kwenye chumba cha kupanga, hapo lazima kuna mkono wa mtu. Wale wa benchi walisema hip-hop ni ya Dar es Salaam, na Msukuma akichana hata ng'ombe wake wanamwonea aibu.

Nawataja mwanzoni kwa sababu wote hao, baadaye, waliuimba wimbo wangu. Mjomba aliuweka kuwa mlio wa simu yake.

Diploma yangu ni ya elektroniki, na hakuna mtu aliyenilipia ada. Miaka ile Dar es Salaam nilikuwa mchana darasani na jioni kwenye kibanda cha kutengeneza spika na amplifaya, nikila kwa kulehemu risasi na waya. Watu wengi wa kwetu wanaokwenda mjini hurudi na godoro na maneno. Mimi nilirudi na mikrofoni niliyoifunga kwenye kanga, mikisa ya mtumba, ile mashine ya kuchanganya sauti, niliyoifufua mwenyewe, na kompyuta iliyokuwa ikipiga kelele kama mashine ya kusaga. Nilipanga chumba Bariadi mjini, nyuma ya duka la pembejeo. Wenzangu wa Dar hununua sponji maalumu za kuzuia mwangwi. Mimi nilipanga ukutani magunia niliyoyashindilia pamba mbegu hadi darini. Sauti ilikuwa ikigonga pale inakufa. Nimeingia studio kubwa baada ya hapo, na bado sijaona ukuta mkavu kama ule wangu.

Mistari nilikuwa nayo. Niliandika juu ya mtu anayelima shati asilolivaa, juu ya mizani ya pamba na kidole cha karani, juu ya mvua ya Meatu, wilaya yetu, inayokuja kama mgeni wa kuaga. Mdundo niliutengeneza kutokana na majembe. Nilikwenda shambani na kinasa sauti wakati kikundi cha vijana kinalima kwa zamu, majembe yakipanda na kushuka pamoja, nikachukua ule mshindo wa vyuma kugonga udongo mkavu. Ni mdundo mzuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sasa hivi ni moja ya vitu vichache katika habari hii ninavyoweza kuvisema bila aibu.

Kilichokosekana ni kiitikio.

Hapa lazima nieleze kidogo, kwa msomaji wa mbali. Kwetu, pamba ikishavunwa na kuuzwa, kunakuwa na msimu wa mbina, yaani ngoma. Pande mbili hucheza siku moja, uwanja mmoja, saa zile zile, kila upande na ngoma zake. Hakuna jaji. Watu wenyewe ndio hukimbia huku na huku, na upande ulioachwa ukiangalia migongo ya watu umeshindwa. Kila upande una mtunzi wake, anaitwa ningi, na kazi ya ningi, pamoja na mambo mengine, ni kumtukana ningi wa upande wa pili kwa mashairi mpaka watu wavutike. Atamtaja baba yake, madeni yake, miguu yake. Anayetukanwa anacheka, anakwenda nyumbani, anatunga jibu. Mvua ikinyesha na majembe yakatoka, maneno yale yamekwisha. Mwaka unaofuata unatakiwa kuja na mapya. Anayerudia tusi la msimu uliopita anaonekana maskini wa akili, na kama analirudia kwa mtu aliye shambani, mchokozi.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ningi wa upande mmoja. Ningi wa upande wa pili alikuwa rafiki yake tangu kuchunga, nkoi wake, mtu anayekaa ng'ambo ya korongo kutoka kwetu. Wametukanana uwanjani tangu mimi ni mtoto, na mtu wa kwanza kufika kwa mwenzake kukiwa na msiba ni yule yule.

Msimu ule kaka alikuwa na ubeti mkali kuliko wote aliowahi kutunga. Mwaka mmoja nyuma, mke wa rafiki yake alikuwa ameudhika na kurudi kwao Bukundi. Mume akachukua mbuzi wawili kwenda kuwaomba wakwe radhi. Wakwe hawakupokea. Akarudi nao mbuzi wake, njia nzima, mchana kweupe. Kaka akaimba:

Alikwenda ukweni na mbuzi wawili,
akarudi na mbuzi wawili.
Mlango haukufunguliwa,
mbuzi ndio walimpa pole njiani.

Wafuasi wanaitikia, "Mbuzi wawili!" Siku ile uwanja mzima ulihamia kwa kaka. Aliyetukanwa alicheka hadi akakaa chini. Na angeachaje kucheka? Mkewe alikuwa amesharudi. Alirudi mwenyewe, wiki chache tu baada ya safari ile ya mbuzi, akainjika sufuria zake na maisha yakaendelea. Siku ya ubeti ule alikuwepo uwanjani, na mtoto mgongoni, naye anacheka.

Mimi nilisimama pembeni na masikio ya mtu aliyesoma. Nikajua hicho ndicho kiitikio.

Niliwaita wote wawili Bariadi. Rafiki wa kaka ndiye aliyekuwa na sauti bora katika Meatu nzima, sauti nene yenye ukungu kidogo mwishoni, kwa hiyo nilimwomba yeye aitikie. Ile sauti ambayo nchi nzima imeisikia ikisema "Mbuzi wawili!" ni ya mwenye mbuzi. Niliwaomba pia wayageuze maneno kutoka Kisukuma kwenda Kiswahili, ili wimbo ukivuka Shinyanga usife. Ulikuwa uamuzi wa kitaalamu, na ulikuwa sahihi.

Kabla sijabonyeza kitufe nilimuuliza mwenye mbuzi, "Kaka, ubeti huu haukuumi?"

"Ubeti wa msimu uliopita ni kama bua la mtama," akasema. "Ng'ombe ameshakula."

"Na mbuzi wenyewe tumeshawala," kaka yangu akadakia. "Mimi nilipewa mguu."

Tulicheka sana. Hakuna aliyefikiri. Sisi wote watatu tulikuwa watu wa mbina, tunajua tusi linavyozaliwa na linavyokufa, na tuliingia kwenye chumba kile na desturi hiyo kichwani kama mtu anavyoingia na kivuli chake. Haikutujia kwamba kifaa kile hakijui msimu.

Kuumalizia wimbo vizuri kulihitaji studio ya Dar, na kuusambaza kulihitaji kujulikana na watu wa redio. Sikuwa na kitu. Kaka akauza dume lake. Shangazi yangu akatoa mtamba. Mjomba wa Mkula, baada ya maneno yale yote, akatoa ng'ombe mmoja, akasema anataka tu auone mwisho wangu kwa macho yake. Na rafiki wa kaka akafungua nira akanipa maksai mmoja wa plau, kati ya wawili aliokuwa nao. Maksai mmoja aliyebaki peke yake halimi. Msimu ule yeye na mkewe walilima kwa jembe la mkono. Mkewe alimwambia mama yangu kwamba ubeti ule ukilipa, watanunua maksai wawili na bati la jikoni.

Wimbo ulitoka. Wiki za mwanzo ulikuwa unapigwa na redio za Kanda ya Ziwa tu. Halafu kijana mmoja wa kuchekesha kule Dar akajirekodi akikataliwa na msichana, anaondoka na mbuzi wawili wa kuchora kwenye boksi, wimbo wangu nyuma. Baada ya hapo sikuushika tena. Kila Jumamosi kulikuwa na kipindi cha nyimbo kumi bora. Tuliingia namba tisa, tukaruka, tukakaa namba tatu kwa muda nikaona basi, hapa ndipo mwisho wa Msukuma. Jumamosi iliyofuata nilikuwa mbele ya duka la pembejeo na nusu ya mtaa. Mtangazaji alipotaja namba moja na kusema "kutoka Bariadi, Simiyu", bodaboda wote waliwasha pikipiki wakapiga honi, na mwenye duka akanimwagia maji kichwani kama bwana harusi. Tulikaa namba moja mpaka mtangazaji mwenyewe akasema amechoka kututaja. Mtu mwingine yeyote wa kwetu aliyewahi kufanya hivyo ajitokeze, nimpishe.

Nchi nzima ikaanza kusema. Timu ikifungwa nyumbani, imerudi na mbuzi wake. Mgombea akishindwa kura za maoni, anaulizwa mbuzi wako wazima? Niliyasikia haya kwenye mabasi ya Singida, kwenye benki, hospitali, kwa mapadri. Nilijivuna. Ningekuwa mwongo nikisema vinginevyo.

Kule nyumbani mambo yalianza taratibu. Kwanza walicheka wote, mume na mke. Mume alikuwa akisikia sauti yake kwenye simu ya mpita njia, naye anaitikia, "Mbuzi wawili!" na yule mpita njia anashangaa sauti zilivyofanana. Kisha mvua zikaja. Watu walikuwa shambani, majembe mkononi, na wimbo bado unalia kwenye simu zilizofungwa kiunoni. Mtu wa kwanza kumlilia kama mbuzi mnadani alikuwa mgeni, mchuuzi kutoka Maswa. Akacheka. Wa pili hakumchekea, alimkazia macho. Kufikia wakati wa palizi walikuwa hawahesabiki. Mkewe alipopeleka pamba kupima, wanawake wasiomjua walikuwa wakinong'ona, huyo ndiye, yule ambaye mbuzi hawakutosha. Binti yao mkubwa aliacha kwenda shule kwa sababu wenzake walikuwa wakilia "mee" akisimama kujibu swali. Wakwe kule Bukundi, watu wazima wanaoheshimika, wakawa ndio wale waliofunga mlango, kila harusi, kila msiba.

Kaka alinipigia simu akisema niuondoe huo wimbo. Nilimweleza kwamba haupo kwenye mfuko wangu. Nilisaini karatasi na watu wa usambazaji wa Dar, na hata wao wakiufuta, umeshakaa kwenye kadi za simu za nchi nzima. Kaka hakuelewa. Alidhani nakataa. Akasema, "Aliyewasha moto hashindwi kuuzima." Nikamwambia hii si kama moto. Akaniuliza sasa ni kama nini, na mimi mwenye diploma nikasingizia mtandao unakatika.

Mke wa rafiki yake aliondoka mwanzoni mwa kuvuna. Safari hii alichukua watoto. Nilikwenda Bukundi mwenyewe, kwa pikipiki yangu mpya, kuongea naye. Alikuwa anapeta mtama nje ya nyumba ya baba yake, na hakuacha kupeta. Nikasema niliyoyasema, kwamba ni utani wa ngoma, kwamba yeye anaijua mbina kuliko wengi, kwamba mumewe hakukosa lolote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "mimi nilirudi kwa mume wangu bila mbuzi, bila wazee, kwa miguu yangu. Hilo mbona hamkuliimba?"

Baba yake akatoka akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Niliondoka na njaa.

Msimu wa mbina ulifika. Nilikwenda. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona Lingeka, wengine wametoka Mwanza na simu zimeinuliwa juu. Kaka alianza na nyimbo mpya, na zilikuwa nzuri, alizifanyia kazi. Watu wakapiga kelele wanataka mbuzi. Akaimba wimbo wa pili mpya. Wakataka mbuzi. Akawaambia ule ni wa zamani, haurudiwi. Wakamwacha. Uwanja wote ukahamia upande wa pili, na kwa desturi rafiki yake alikuwa ameshinda. Alifungua kinywa kuimba. Umati ukalia kama zizi la mbuzi.

Hakukasirika. Alisubiri watulie, na kila akivuta pumzi wanalia tena. Mwisho aliweka chini usinga wake, akaushika mkono wa mpiga ngoma wake ili asiendelee, akapita katikati ya watu kuelekea korongoni. Kaka alimwona anavuka. Akavua njuga zake na hakuzivaa tena hadi leo ninapoandika. Pande zote mbili zimebaki na vijana wanaotafuta wa kuwaongoza.

Nilikuwa na dawa moja iliyobaki, na niliiamini. Tusi hujibiwa. Nilimwendea rafiki wa kaka nikamwomba atunge jibu, nami nitalitoa kwa nguvu zote nilizonazo sasa. Mwanzoni alikataa. Baadaye alikuja Bariadi peke yake, akasimama mbele ya magunia ya pamba akaimba mara moja tu. Aliimba habari za mwanamke aliyetembea kutoka Bukundi kwa miguu, jua kichwani na mtoto mgongoni, akafika akauliza tu kama maji ya kuoga yapo. Nimerekodi watu wengi. Sijarekodi kitu kizuri kama kile. Nilikifanyia kazi kuliko nilivyoufanyia wimbo wangu, nikakipeleka kwenye redio zilezile, kwa watangazaji walewale ambao sasa walikuwa wakiniita mkuu.

Mmoja alikipiga mara mbili. Mwingine aliniambia kwa upole kwamba ni kizuri ila hakichekeshi. Mtandaoni, wote waliokisikiliza wangeenea kwenye uwanja wa mbina na nafasi ya kucheza ikabaki. Maoni ya kwanza chini yake yaliandikwa, "Mbuzi wako wapi?"

Nilimsomea rafiki wa kaka kila kitu alichotaka kusomewa isipokuwa hilo. Akaniuliza kama kule Bukundi kimefika. Nikasema sijui. Nilijua. Nilikuwa nimempelekea mkewe mwenyewe, kwenye simu ya kaka yake. Alikisikiliza chote, akakisikiliza tena, akarudisha simu. Akasema ni kweli alivyoimba, lakini kule nje hakuna anayekijua, na watoto wanapaswa kwenda shule mahali wasipoliliwa "mee".

Pesa za wimbo zilikuja kidogokidogo, kisha zikaja vizuri. Nilijenga. Nimewapa kazi vijana kadhaa pale studio, na yeyote anayepita barabara ya kwenda Lamadi anaweza kuona geti langu. Lakini sikutaka kukaa ndani ya nyumba ile nadaiwa. Nikaenda mnadani, nikachagua ng'ombe mmojammoja kwa mkono wangu, meno, kwato, nundu, nikawapakia kwenye lori.

Mjomba wa Mkula nilimlipa asubuhi. Alizunguka ng'ombe mara kadhaa akitafuta kasoro, akakosa, akasema kumbe diploma inafundisha na mifugo. Shangazi alipiga vigelegele akanipa karanga. Kaka alimpokea dume wake, akamfunga chini ya mti, akamwekea maji. Aliniuliza ninakokwenda. Nikamwonyesha ng'ambo ya korongo. Akasema mpelekee, akaingia ndani.

Rafiki yake nilimkuta anatengeneza mpini. Jiko la nyumba lilikuwa limeezuliwa upande, na majani yalikuwa yamefika kwenye kinu. Nilikuwa nimemnunulia maksai wawili waliozoeana nira moja. Tukasalimiana, mwadila, mwadila. Aliinuka akawatazama vinywa, akawapapasa mabega pale nira inapokaa.

"Wanajua plau?"

"Wanajua, kaka."

Akafungua kamba ya mmoja, akamwingiza zizini, akarudi akanipa mkono. "Wabeja sana," akanishukuru. "Deni lako limekwisha, mdogo wangu."

Nikamwambia na huyu wa pili ni wake pia. Nikamwambia peke yake hatalima. Nikataja bati la jikoni, nikasema liko kwenye lori, misumari ipo, fundi nitamleta mimi.

"Nilikukopesha mmoja," akasema.

Nikamwomba. Sina kawaida ya kumwomba mtu. Alinisikiliza huku anakwangua mpini kwa kipande cha chupa, na nilipomaliza aliniuliza kama barabara ya Mwanhuzi bado ina mashimo, maana lori litanichelewesha.

Nikachukua kamba ya yule wa pili. Hakutaka kuondoka. Mwenzake alikuwa anamwita kutoka zizini naye anajibu, miguu ameikita, na ilibidi mwenye boma aweke mpini wake chini, aje amsukume kwa nyuma mpaka tukavuka lango. Kisha akalifunga kwa miiba. Niliteremka korongoni nikimvuta, na tangu jioni hiyo sidaiwi na mtu yeyote Simiyu nzima.